Jina la Kwanza kwenye Orodha

…kwa sababu karatasi isiyo na kichwa hainidanganyi mimi, hata ikipigwa mistari kwa rula na safu zake zikaandikwa kwa herufi kubwa, NAMBARI, JINA KAMILI, KITAMBULISHO, SIMU, SAHIHI, mimi naitazama ile nafasi nyeupe ya upana wa vidole vitatu waliyoiacha juu, na najua haikuachwa kwa urembo, imeachwa ili kichwa kije baadaye, kipigwe chapa ofisini sisi tukiwa tumekwisha kwenda zetu, nami ndiye niliyewafundisha makarani wadogo, miaka thelathini na minne ya utumishi, kwamba kichwa huandikwa mwisho, mwili ukubali kwanza ndipo uvishwe kichwa, nao walicheka, nami nilicheka, na leo, Alhamisi, tarehe 13 Novemba 2025, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi, karatasi ya namna hiyo imelala juu ya goti langu la kulia hapa ukumbini Shika Adabu, kalamu nimekwisha pewa, na mstari wa kwanza kabisa unalingoja jina langu. "Mzee wetu, tukianza na wewe wengine watafuata tu," amesema yule binti wa mradi, Vivian, fulana nyeupe yenye picha ya kontena kifuani, Kiswahili chake cha bara kinakwenda mbio kama mtu anayeogopa kuachwa, lakini ana heshima, sitamnyima hilo, aliinama aliponipa karatasi, akanishika mkono kwa mikono yake miwili, na mimi, mtu wa miaka sabini na moja, nilifurahi, niliuona mgongo wangu ukinyooka wenyewe kitini, kwa kuwa ni kweli, wengine hufuata, tangu nistaafu tarehe 3 Machi 2009, majuma machache tu kabla ya waraka uliosogeza umri wa kustaafu hadi miaka sitini, lakini hilo ni jambo jingine, tangu siku hiyo hakuna orodha iliyopita mtaa huu isianzie kwangu, ya mazishi, ya maji, ya basari, ya ulinzi, likishakaa pale juu jina la Gershom Ngumbao, kwa mwandiko wa kuegemea kulia tuliofunzwa kwa kiboko, mkono unaofuata hauulizi kitu.

Na huko mbele bwana msimamizi bado anasema, amevaa koti katika joto hili la mabati, anasema utafiti umeonyesha ya kwamba wananchi wamepoteza imani na demokrasia, na hasa vijana, anasema dawa yake ni ushirikishwaji, anasema mkutano huu tulioketi ndio demokrasia yenyewe, imetoka ofisini kuja kutusalimia kwetu, na nyuma yake kreti za soda zimepangwa kufika kiunoni, chupa zinatoka jasho, keki zimefungwa mojamoja katika karatasi laini, na kila anapomeza mate macho ya watu humpita yakaenda kwenye kreti. Jambo lenyewe si gumu kulieleza, wala yeye hajalieleza. Kile kiwanja cha nyuma ya barabara, ambacho kina mama wamekuwa wakiuza mboga na samaki tangu Julai 1981, nakumbuka mwezi kwa kuwa barua ya kuwaruhusu niliipiga chapa mimi mwenyewe nakala nne, kiwanja hicho sasa kinatakiwa kiwe yadi ya kulaza makontena, na sheria inataka wananchi waulizwe kwanza, haitaki wasikilizwe, inataka waulizwe, na ushahidi kwamba waliulizwa ni orodha hii iliyo kwenye goti langu, itabanwa nyuma ya ripoti kwa pini mbili, na yeyote atakayefungua jalada hilo mwaka ujao ataona majina mia mbili, la kwanza likiwa la karani mstaafu mwenye sahihi inayosomeka, na juu yao kichwa ambacho hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa amekisoma. Meza arobaini na tatu ziko katika kiwanja hicho. Arobaini na tatu, nimezihesabu mara nyingi nikipita kununua mnavu, ni ugonjwa wangu, kuhesabu, siwezi kupita safu ya kitu chochote nisiihesabu, na wenye meza hizo wote wamekuja, wameketi safu mbili nyuma yangu na leso zao kichwani, isipokuwa Mwanatabu, ambaye ndiye mkubwa wao, yeye ameketi hapa kushotoni kwangu, bega kwa bega, kikapu kimebanwa katikati ya miguu.

"Mzee Gershom, karatasi hiyo waisoma au waandika wosia?" Huyo ni Kiponda, fundi wa baiskeli, yuko nyuma yangu, na watu wamecheka, na mimi nimetikisa kichwa kama mtu anayecheka pia… Wosia. Afadhali ingekuwa wosia, wosia humhusu aliyeuandika. Mlangoni asubuhi hii Mwanatabu alinizuia kwa kiganja, "Sabalkheri, Baba Eddah, mimi kusoma sijui, wajua, basi mimi nikiliona jina lako pale juu natia dole langu, na hawa wenzangu wakiliona dole langu watia yao, kwa hivyo tazama vizuri," akaingia, na mimi nikabaki pale kizingitini nikiwa nimejaa, sina neno jingine, nimejaa kama mtungi, kwa kuwa katika nchi ambayo hakuna amwaminiye mtu, hakimu haaminiwi, tume haiaminiwi, redio haiaminiwi, mwanamke mmoja asiyejua kusoma anaiamini sahihi yangu kiasi cha kuifuata kwa kidole chake, na hiyo, nilijiambia nikitafuta kiti, ndiyo demokrasia iliyobaki, si ile ya bwana mwenye koti, ni hii ndogo, ya jirani na jirani, ikipotea hii hakuna nyingine… na ndiyo maana nimeweka kiganja juu ya ule mstari wa kwanza, usionekane.

Eddah aliniambia nisije. Alipiga simu saa kumi na mbili na nusu kutoka Changamwe anakokaa, nasikia maji yakichemka nyuma yake, "Baba, hao wanataka vitu viwili, majina na picha, ukienda umewapa vyote," nami nikamwuliza nisipokwenda je, akasema, "Usipokwenda watasema walikualika," sasa tufanyeje, mwanangu, "Ndiyo nakuuliza wewe, Baba, nyinyi ndio mlioijenga nyumba hii, mwatuambia tu tuingie tulale," nami nikamkemea, nilimkemea kwa tarehe, kama kawaida yangu, nikamwambia kuhusu tarehe 29 Desemba 1992 nilipopanga foleni tangu saa kumi alfajiri na koti la mvua, nikamwambia kuhusu tarehe 4 Agosti 2010 tulipoipigia kura Katiba, na tarehe 27 ya mwezi huohuo ilipotiwa sahihi nikaketi kando ya redio na machozi yananitoka, mama yako shahidi, nikamwambia mtu haachi kupanda kwa sababu nyani wamekula mwaka jana, naye akasema taratibu, bila dharau, laiti angedharau, "Umepanda sana, Baba," akakata. Alizaliwa tarehe 12 Mei 1997. Mara ya kwanza kupiga kura nilimpeleka mimi, Agosti 2017, alivaa gauni la kanisani, akanionyesha kidole chenye wino kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka, na tangu siku ile hajarudi tena katika foleni ile, mwaka 2022 alishinda kitandani akikodolea simu macho, na tarehe 25 Juni 2024 akaja nyumbani Likoni jioni kutoka kwenye maandamano na kiatu kimoja, macho mekundu kwa moshi, nikamwosha kwa maji ya mtungi, na nilipokuwa nikimwosha nikasema, kwa kuwa siwezi kunyamaza, nikasema lau mngepiga kura msingehitaji kupiga kelele, na akacheka, uso wake ukiwa mikononi mwangu, maji yanamtiririka, akacheka kicheko ambacho nilikisikia kwa viganja kabla ya masikio… sikuelewa alichokicheka. Nilisema moyoni, hawa hawana subira. Nilisema, hawa hawakusoma. Nilisema, imani ni kama kutu, hapana, kinyume chake, kutokuamini ndiko kutu, nilisema mambo mengi, ni lile moja tu ambalo sikulisema, nalo sikulisema kwa Eddah, wala kwa marehemu mama yake Kahaso aliyelala karibu nami miaka thelathini na mitatu akafa tarehe 9 Septemba 2016 hajalisikia.

Jumatatu, tarehe 22 Februari 1988. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, karani daraja la pili, shati lina pasi, na nikaazimwa kutoka ofisini kwenda kuhesabu watu. Mwaka ule hapakuwa na karatasi za kura wala sanduku, ulikuwa mwaka wa mlolongo, mgombea huinuliwa picha yake juu ya kijiti na wewe wasimama nyuma ya picha unayoitaka, mchana kweupe, kila mtu akikuona, na kura ni wewe mwenyewe na miguu yako, na uwanjani palikuwa na picha mbili, moja ya bwana ambaye sitamtaja, alikuwa na picha kubwa ya rangi, na nyingine ya Mwalimu Nguma, aliyewafundisha hesabu nusu ya watu waliokuwa pale, picha yake ndogo nyeusi na nyeupe imebandikwa juu ya kifuniko cha boksi. Mstari wa Mwalimu ulianzia kwenye goli, ukapinda kwenye tangi la maji, ukarudi, ukapinda tena, watu walikuwa wakicheka, wanakohoa vumbi, wameleta watoto, na mimi nilipita mtu kwa mtu na rula ya mbao, nikimgusa kila mmoja begani kwa ncha ya rula kwa sababu niliona si adabu kuwagusa wake za watu kwa mkono, mmoja, wawili, watatu, hadi mia nne na kumi na mbili, na mstari wa bwana yule mwingine ulikuwa na watu tisini na saba, nilihesabu mara mbili, mia nne na kumi na mbili, tisini na saba, nimezibeba nambari hizo kama mtu abebavyo risasi mwilini ambayo daktari alisema iacheni tu. Nikaenda mezani. Palikuwa na bwana mwenye kofia ya jua, sikumjua, hakujitambulisha, akavuta fomu kwa kidole akaigeuza inielekee, akasema, kwa upole kabisa, "Karani, huo mstari mrefu umesimama vibaya, hauhesabiki, andika huu mfupi mia tano na thelathini," nikasema bwana, ni tisini na saba, akasema, "Mwandiko wako ni mzuri, wamenisifia, andika," nami nikaandika. Hakunipiga. Hakunitisha. Alinisifu mwandiko. Nikaandika mia tano na thelathini kwa tarakimu na kwa maneno, nikapiga mstari chini yake kwa rula ileile, nikatia sahihi, na nilipoinua uso watu walikuwa wameanza kutawanyika, na ndilo lililokuwa jambo la mlolongo, hauna sanduku la kufunguliwa kesho, watu ndio kura, nao wakisharudi kwao kupika basi kura zimerudi kupika, hakuna pa kwenda kuzihesabu tena, hesabu pekee iliyobaki duniani ni ile iliyo kichwani mwa karani na ile iliyo kwenye fomu, na hizo mbili hazikufanana… Mwalimu Nguma alikunja picha yake akaondoka, akarudi shambani, hakusimama tena, akafa tarehe 14 Juni 1996, na katika kamati ya mazishi yake mwandishi nilikuwa mimi, jina la kwanza kwenye orodha.

"…na ndiyo sababu tunasema mwananchi ndiye mwenye nchi," msimamizi anasema, na mtu mmoja upande wa mlangoni amepiga makofi peke yake akaacha. Foleni zote nilizopanga baadaye, alfajiri zote, wino wote kidoleni, nilidhani nafuta ile fomu, kura moja moja, kama mtu anayefuta ubao mkubwa kwa kitambaa kidogo, 1992, 1997, 2002, 2007, na mwisho wa 2007 tuliona yaliyotokea tukafunga milango, 2010, 2013, 2017, 2022, na kila tukiambiwa hesabu hazilingani nilikuwa wa kwanza kukasirika, nilikasirika kuliko vijana, nilipiga meza nikasema nani hawa wanaoandika uongo, ni watu gani, wana mama hawa, na Kahaso, enzi za uhai wake, akinitazama na kijiko mkononi… ni watu wa kawaida, Kahaso. Wana pasi kwenye shati. Wamesifiwa mwandiko. Eddah anadhani nchi yake iliibwa na watu wakubwa wenye magari meusi, na hilo ni kweli, lakini hao wakubwa hawana mikono ya kutosha, hao huazima mikono, na mkono mmoja ulioazimwa ndio uliomwosha uso kwa maji ya mtungi, na labda ndicho alichokuwa akicheka bila kujua. Najua dawa. Msimamizi haijui, mimi naijua, ni kitu kifupi, ni kusimama sasa hivi katika ukumbi huu na kusema mia nne na kumi na mbili kwa sauti, nilihesabu mimi, nikaandika mengine mimi, na karatasi hii niliyoshika ni dada wa fomu ile, msitie majina yenu, basi, dakika mbili, kisha kuketi, na pengine imani hurudi kwa namna hiyo tu, si kwa semina, hurudi pale aliyefanya anaposema nilifanya, akiwa bado hai, mbele ya waliofanyiwa… lakini Mwanatabu alikuwa katika mstari ule. Hilo ndilo. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, na mtoto mgongoni, Rashad, ambaye sasa ana watoto wake, na nilimgusa begani kwa rula, namkumbuka kwa kuwa mtoto aliikamata rula hakutaka kuiachia na tukacheka sote watatu, na miaka hii yote amenisalimu, ameniuzia bamia, amenizidishia mafungu, alikuja kukaa matanga ya Kahaso siku tatu, na haijui fomu ile, anadhani iliandikwa Nairobi, wote walidhani iliandikwa Nairobi, na nikisimama kusema, dole lile halitamwamini tena mtu mwingine yeyote, nitakuwa nimeua kile kidogo kilichobaki ili nisafishe roho yangu, ndivyo ninavyojiambia, ni hoja nzuri, imejengwa vizuri, ina mwanzo na mwisho, nimekuwa nikiijenga tangu mwaka 1988…

"Waogopa nini, Baba Eddah?" Mwanatabu ameniinamia, sauti yake iko chini, anatazama mbele kama anayemsikiliza msimamizi. "Tia twende zetu. Jua latuchomea mboga." Na mimi nimemjibu, sijui ni nani ndani yangu aliyejibu, nimemwambia karatasi hii ina walakini, mama Rashad, haina kichwa, tukitia majina huenda wakaandika juu yake kwamba tumekubali soko liondoke. Hakushtuka. Amevuta leso yake mbele kidogo. "Ah, hilo twalijua." Mwalijua? "Kwani wameleta soda za nini?" Na dole utatia? "Nikiliona jina lako natia." Nimemwambia lakini Mwanatabu, sikuelewi, ikiwa wajua… akageuka sasa, akanitazama usoni kama mtu anayemtazama mteja aliyeuliza bei ya kitu kilichoandikwa bei, "Jina lako likishaingia, hayo mambo yamekwisha huko juu. Hapo ndipo sisi hujua. Yakiwa bado hayajesha huwa hawakuletei wewe. Basi nikiliona nasema haya, hakuna cha kupigania, natia dole nanywa soda yangu narudi mezani kwangu. Wewe wadhani twakutazama kwa nini?" Na msimamizi anasema uwazi, anasema uwajibikaji, maneno yanapita juu ya vichwa vyetu kama ndege za kwenda kwingine, na nimesikia sauti yangu ikimwuliza tangu lini, ingawa nilijua, kabla hajafungua kinywa nilijua. "Tangu ule mwaka wa mlolongo. Si nalikuwa na Rashad mgongoni? Ulinigusa hapa kwa rula. Kisha nikakuona wenda mezani, yule bwana akanena nawe kidogo, ukaandika. Hukuinua kichwa. Nikamwambia mamangu, mama, twende tukapike, karani ashaandika." Anasema hivi bila hasira, wallahi bila hasira yoyote, laiti angenitemea mate, na huko nyuma mmoja wa wenzake amecheka kidogo, mwanamke wa makamo, amesikia maneno mawili ya mwisho akayapokea, "Karani ashaandika!" na mwingine pembeni yake, "Ashaandika, mwanangu!" na nimefahamu kwa jinsi yalivyowatoka kwamba si mara ya kwanza, ni msemo, ni msemo wao, wanausema mtu akipewa talaka, wanausema daktari akitoka na uso wa kukunja, na mimi nimepita katikati ya meza zao arobaini na tatu miaka yote hiyo na kikapu changu, nikihesabu, na walikuwa wakinyamaza nifikapo.

Basi hapakuwa na kitu cha kulinda. Hoja yangu, hoja niliyoijenga miaka thelathini na saba, ilikuwa inalinda chumba kitupu, imani niliyoogopa kuivunja niliivunja tarehe ile ile mbele ya macho yao, mchana kweupe, kila mtu akiniona kama kila mtu alivyoonekana siku ile, na waliokuwa hawajui kwamba imevunjika katika mtaa mzima walikuwa ni mimi na Kahaso wangu, na hata Kahaso, sasa hata Kahaso, kile kijiko alichokishika akinitazama… Sikuwa jirani mwenye sahihi inayoaminika. Nilikuwa kama kengele ya shule, hupigwa kipindi kikiwa kimekwisha. Na nisipoandika, nalijua hili pia, karani wa mahali fulani ataandika, wataanza na nambari mbili, na nafasi yangu ataijaza mtu wa ofisini kwa jina lolote, nimewahi kuona, nimewahi kufanya, marehemu wawili waliwahi kuhudhuria mkutano wangu wa maji, na yadi itajengwa, makontena yatalazwa juu ya mahali pa meza ya Mwanatabu, na Eddah atakuwa amesema kweli, na sheria itakuwa imetimizwa. Sioni pengine pa kutokea. Nimetafuta, mimi niliyetafuta majalada yaliyopotea yakapatikana, nimetafuta katika jambo hili nikiwa nimeketi hapa na sikuona mlango. "Mzee wetu, tafadhali, karatasi itembee," Vivian amesimama mwisho wa safu, anatabasamu, lakini mguu wake mmoja unagonga sakafu, na Kiponda nyuma yangu, "Mwache binti, ameioa hiyo karatasi, ngoja amalize fungate," na ukumbi umecheka, hata Mwanatabu amecheka kwa bega, nimelisikia bega lake likicheka dhidi ya langu, na nimeinama kana kwamba naisoma karatasi, nikamwuliza kwa sauti ambayo sidhani ilifika hata kwenye meno yangu, na nisipoandika je? Ameacha kucheka. Nimeona ametazama kikapu, akatazama mbele, msimamizi anapangusa shingo kwa leso, kisha akasema, "Hilo hatujaliona, Baba Eddah," na sasa hanitazami tena usoni, anautazama mkono wangu, na amegeuza shingo kidogo akawanong'oneza wenzake wa nyuma jambo ambalo sikulisikia, nalo limepita katika safu mbili zile kama upepo upitavyo katika mihogo, wanawake arobaini na wawili wameinua shingo, nao wanautazama mkono, kalamu iko juu ya nambari moja, haijagusa, na katika macho yale, nimegeuka nikayatazama, hamna tumaini wala hasira wala msamaha, mna udadisi tu, udadisi wa watu waliosimama kando ya barabara kuu wakimtazama mzee peke yake, waone kama atavuka…